Donge kuwa la moto haimaanishi mwili unashinda

"Docta, tuliacha donge kwanza, juu lilikuwa jekundu na la moto, bakasema ni damu inapigana na ugonjwa." Hii sentensi nimeichoka jamani. Naisikia kwa mama wa Kadutu, naisikia kwa mwalimu wa Ibanda, hapa Bukavu.

Ni kweli askari wa mwili, yaani seli nyeupe za damu, wanakuja, daktari Virchow wa Ujerumani aliwaona ndani ya uvimbe wa kansa tangu 1863. Shida ni kwamba kansa yenyewe ndiyo inawaita, inatoa kemikali za kuwavuta, na wakifika, hasa makrofaji (wale askari wanaomeza vijidudu na uchafu), inawageuza: badala ya kuua wanafanya ile kazi wanafanyaga kwenye kidonda, kuotesha mishipa mipya ya damu, kukatakata nyuzi zinazoshikilia nyama, kumwaga vitu vya kukuza seli. Kidonda kikifunga, kazi inaisha. Kwa kansa haiishi, ndiyo maana daktari Dvorak wa Marekani aliandika 1986 kwamba uvimbe ni kidonda kisichopona. Seli ya kansa inafuatana na makrofaji mpaka kwenye mshipa, inaingia, inaenda zake mapafu, ini, mifupa. Kuna askari wengine wanaoua kansa kweli, ila kwa kugusa joto hauwezi kujua nani anashinda, hata mimi siwezi.

Tena kuna kansa ya titi ambayo mara nyingi hata donge haina, titi linavimba ndani ya wiki chache tu, ngozi inakuwa nene na vishimo vidogo, na kwa ngozi yetu wekundu unaweza usionekane, unaona giza-giza tu ama zambarau. Mtu anapewa antibiotiki kama amoksisilini, ikiisha nyingine, ikiisha sindano, miezi inapita. Kwangu ni kozi moja ya antibiotiki, ikikataa ni biopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha nyama kipimwe, tusibishane.

Na kuchanja na wembe halafu kupaka majani? Umeongeza kidonda juu ya kidonda. Acha kabisa.

"Biopsi inaamsha kansa." Hapana. Kansa kuota kwenye njia ya sindano inatokea mara chache sana, wengi mnaosikia walikufa baada ya biopsi walikuja imeshafika mapafu.

"Basi nimeze ibuprofeni kila siku." Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe wa moto. Hapana pia. Aspirini, ya jamii hiyo hiyo, imesaidia kuzuia kansa ya utumbo mpana kwa watu fulani waliorithi hatari yake, tena wakifuatwa na daktari, kuyeyusha donge ambalo liko tayari ni habari ingine. Tumbo ndilo litaanza kutoka damu, na hiyo nayo mtaniletea usiku.