Je, wajua? Saa iliyoacha kung'aa gizani bado ina mionzi

Juzi nilimpelekea fundi saa wa hapa Lindi saa ya mezani ya marehemu babu, ile ya kutia ufunguo. Akafungua kioo, akapuliza vumbi, akalamba ncha ya kidole anasie skrubu ndogo. Rangi ya mishale ilikuwa ikibanduka kama magamba ya changu.

"Zamani ilikuwa inawaka usiku kucha," nikamwambia.

"Ishakufa hiyo, mjukuu."

Nami nikaafiki: mwanga umekwisha, basi na mionzi imekwisha. Tulikosea wote wawili.

Mwanga ule si mionzi. Rangi za namna ile zilichanganywa radiamu, metali itoayo mionzi, kidogo mno na unga wa salfaidi ya zinki. Chukulia ngoma: radiamu ndiye mpigaji, zinki ndiyo ngozi. Kila chembe ya alfa, yaani mionzi ya chembe ndogo mno inayotoka kwenye radiamu, huigonga zinki, nayo hutoa cheche ya mwanga. Sasa, ngozi inayopigwa usiku na mchana, isipashwe moto wala kuwambwa upya, mwisho hupasuka. Zinki nayo huchakaa hivyohivyo. Ukisikia kimya unadhani mpigaji kaenda kulala, kumbe yupo palepale anapiga ngozi iliyochanika. Na hachoki upesi: radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Iliyopakwa miaka 100 iliyopita imepoteza kama asilimia 4 tu.

Wapo pia wanaoijua mionzi lakini wanaiogopea mahali pasipo. Chembe ya alfa huzuiwa na karatasi, hata na ngozi ngumu ya juu ya mwili. (Radiamu huambatana pia na miale ya gama, na hiyo hupenya kioo, kwa hiyo sisemi uiweke chini ya mto.) Balaa kubwa ni kuila au kuivuta puani. Wabanguaji wa korosho wananielewa: korosho nzima utaishika kutwa, ganda likipasuka ndipo mafuta yanakuunguza.

Miongoni mwa walioumia zaidi ni wasichana wa kiwanda cha Orange, New Jersey, Marekani, kilichoanza kupaka nyuso za saa mwaka 1917. Walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo: lamba, chovya, paka. Mwili huidhania radiamu kuwa kalsiamu ukaihifadhi mifupani, ikawapiga humo kwa miaka. Meno yakang'oka, mataya yakaoza. Wanakemia wa kampuni hiyohiyo walikuwa wakijikinga kwa vizuizi vya madini ya risasi. Wanawake watano walioshtaki walilipwa mwaka 1928, kwa makubaliano.

Si kila saa ing'aayo ni ya radiamu. Nyingi za siku hizi hutumia strontiamu aluminati, isiyo na mionzi, na hiyo lazima imulikwe kwanza ndipo ing'ae.

Nilipomrudia fundi na habari hizi alininyamazia kidogo, kisha akavuta chini ya meza kopo la maziwa ya unga, limejaa mishale ya saa za zamani na unga wa njano chini yake.

"Na hii je?"

Nikamwomba alifunike, akanawe mikono kabla ya kugusa kikombe chake cha chai. Kwa kopo lile kinatakiwa kipimo cha Tume ya Nguvu za Atomiki, macho yetu hayafui dafu.