Je, wajua kwa nini baadhi ya madaktari humuuliza mgonjwa, "Wewe shida hii unaiitaje?"

Ukienda zahanati na kichwa kinauma, utaulizwa kinauma upande gani, tangu lini, umemeza dawa gani. Ni nadra uulizwe: "Wewe mwenyewe unadhani kimeletwa na nini?" Linaonekana swali la ajabu, kama ungekuwa unajua, usingepanga foleni. Lakini Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia, yaani mtafiti wa jamii na tamaduni zake, wa Chuo Kikuu cha Harvard, ametumia zaidi ya nusu karne kuonyesha kwamba bila jibu hilo matibabu yanabaki nusu, hasa kwa maradhi yasiyopona, yale mtu anayoishi nayo.

Alianzia wapi? Husimulia kwamba miaka ya 1960, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikutana wodini na binti wa miaka 7 aliyeungua karibu mwili mzima. Kila siku mtoto yule alitiwa kwenye maji yanayozunguka, na nyama iliyoungua ikabanduliwa kwa kibano. Kazi ya Kleinman ilikuwa kumshika mkono ambao haukuungua. Alijaribu kumpoza kwa habari za nyumbani na shuleni. Mtoto akazidi kupiga mayowe. Siku moja maneno yalipomwishia, akamuuliza: unavumiliaje haya kila siku? Mtoto alishangaa, akaukaza mkono wake, akaanza kumweleza. Muda wote aliokuwa akieleza hakupiga kelele wala kupambana na daktari na muuguzi. Maji yalikuwa yale yale na kibano kile kile.

Mwaka 1969 alikwenda Taiwan kufanya utafiti. Huko alikuta mtu yule yule akitibiwa hospitali, kisha akaenda kwa mtaalamu wa mitishamba ya Kichina, kisha hekaluni kwa mganga anayepandisha mizimu, bila kuona njia hizo zinagongana. Mtu wa pwani yetu hilo halimshangazi: vidonge vya hospitali na kombe la shehe hukaa meza moja. Ila kwa daktari aliyefunzwa Marekani lilikuwa jambo la kurudi nalo darasani, na mwaka 1974 alipata shahada ya uzamili ya anthropolojia.

Kazi iliyomjengea jina zaidi aliifanya China, katika jimbo la Hunan, mwaka 1980. Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya kisiasa ya Mao Zedong iliyowatesa na kuwaaibisha wengi, yalikuwa yamekwisha miaka minne tu nyuma. Kliniki zilijaa watu wenye maumivu ya kichwa, uchovu, kizunguzungu na kukosa usingizi, na jibu walilopewa lilikuwa moja: shenjing shuairuo, yaani udhaifu wa mishipa ya fahamu. Ajabu ni kwamba dhana hiyo ilizaliwa Marekani. Aliyeieneza ni daktari George Beard, mwaka 1869, kwa jina la nyurasthenia. Wamarekani waliiacha, na mwaka huo huo wa 1980 ikaondolewa kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili, huku China ikiwa ndiyo lugha ya kila siku.

Kleinman aliwapima wagonjwa 100 wa aina hiyo. Kwa vigezo vya Marekani, 87 walikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mtafiti mvivu angeishia hapo na kutangaza kwamba Wachina wamekosea jina. Yeye aliendelea kuwasikiliza, na chini ya kichwa kinachouma akakuta ndoa zilizotenganishwa na kazi za mbali, watu waliodhalilishwa hadharani, miaka ya masomo iliyopotea. Katika nchi ambako huzuni ingeweza kusomwa kama kinyongo dhidi ya Chama cha Kikomunisti kilichotawala, kichwa kilikuwa na ruhusa ya kuuma na moyo haukuwa nayo. Waliopewa dawa za sonona wengi walipata nafuu ya dalili, lakini kama shida ya kazini au nyumbani ilibaki, waliendelea kujiona wagonjwa.

Kutokana na kazi hizi, Kleinman alisisitiza kutenganisha kile daktari anachokiona mwilini na kile mgonjwa anachokiishi. Kiswahili, nadhani, kinatusaidia hapa. Ugonjwa ni kitu unacho, kinaandikwa kwenye cheti. Kuumwa ni jambo linalokupata wewe, ndiyo maana mtu husema "naumwa sukari" hata siku ambayo hakuna kiungo kinachouma. Na anayesema "nina mawazo" ameshataja dalili na chanzo kwa neno moja, ingawa daktari ataandika presha.

Mwaka 1978 yeye na wenzake walichapisha maswali machache ya kumuuliza mgonjwa: shida hii unaiitaje, kwa nini imeanza wakati huu, imekuvurugia nini, unaogopa nini zaidi. Yakasambaa vyuoni, na baadhi ya madaktari wakaanza kuyatumia kama fomu ya kujaza. Kleinman mwenyewe alilalamika. Mwaka 2006, katika makala aliyoandika na mwenzake, walitoa mfano wa mtoto wa miaka 4 mwenye VVU ambaye baba yake, mtu wa asili ya Meksiko, hakuwa akimleta kliniki. Wahudumu walidhani ni mila, labda haamini tiba. Kumbe alikuwa dereva wa basi mwenye mshahara mdogo, anayefanya zamu za usiku, na muda hana.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na cha Kleinman kilimsubiri uzeeni. Mkewe Joan, msomi wa Kichina aliyefanya naye utafiti wa China, alipatwa na Alzheimer mapema, ya aina iliyomla kumbukumbu na pia uwezo wa kuona. Alimuuguza kwa takriban miaka 10, hadi Joan alipofariki mwaka 2011: kumwogesha, kumvika, kumlisha. Alipoandika habari za uuguzi huo katika jarida la kitabibu, daktari huyu aliyejaza rafu vitabu vya nadharia alianza na jambo dogo, namna alivyokuwa akimshika mkewe mkono na kumpitisha polepole katikati ya viti na meza za sebuleni, mpaka jikoni.