Mpangilio wa Picha: Unachopanga Hasa ni Nini?

Mtu akisema picha fulani imepangika, hasifii kamera. Ana maana kwamba jicho lake lilipoingia kwenye picha ile lilijua pa kwenda, likakaa, na halikusumbuliwa na vitu vingine. Mpangilio wa picha ni uamuzi wa mpiga picha juu ya kitu gani kiwe ndani ya fremu, kikae upande gani, kiwe kikubwa kiasi gani, na kipi kiachwe nje.

Mchoraji anaanza na karatasi tupu, anaongeza kidogo kidogo mpaka atosheke. Mpiga picha ana shida ya kinyume chake. Akisimama asubuhi mwaloni Kibirizi, pale wavuvi wanaposhushia samaki kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, anakuta kila kitu kimeshajaa: mitumbwi, nyavu, beseni, wachuuzi, bodaboda, mbwa, milima ya Kongo kwa mbali. Hawezi kuhamisha hata kimoja. Anachoweza kuhamisha ni mwili wake. Ndiyo maana nasema sehemu kubwa ya mpangilio hufanywa na miguu, na kidole kinakuja mwisho kabisa kubonyeza.

Tazama khanga. Ina mji katikati, ina jina chini, na ina pindo linalozunguka pande zote nne. Fundi aliyeibuni alilifikiria pindo kwa uzito uleule aliolifikiria ua la katikati. Sisi tukishika simu tunauangalia mji tu, yaani sura ya mtu, pindo tunalisahau. Matokeo yake ni nusu ya pikipiki inayochungulia kulia, kiwiko cha mtu asiyehusika kushoto, na chupa ya maji mbele ya miguu ya bibi harusi. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kingo nne za fremu. Ni kazi ya sekunde mbili. Ukiona kitu hakina sababu ya kuwepo, sogea hatua moja mpaka kitoke.

Wanaofundisha upigaji picha hutenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya. Kuna vijenzi, ambavyo ni malighafi: nukta, mstari, umbo, rangi, mwanga na kivuli, hali ya uso wa kitu kama ni laini au una makwaruzo, na nafasi iliyo wazi. Halafu kuna kanuni za kuvipanga: mizani, marudio, tofauti, mkazo, uwiano. Vijenzi unavikuta mahali, kanuni unakuja nazo kichwani. Usihangaike kukariri orodha hiyo. Afadhali uchukue tukio moja ulichambue mpaka uone kila kijenzi kinafanya kazi gani.

Basi turudi Kibirizi. Mama mmoja ameanika dagaa kwenye chanja, anawageuza kwa kiganja. Msalimie kwanza.

"Shikamoo mama. Naomba nikupige picha ukiendelea na kazi."

"Marahaba mwanangu. Piga, ila usije ukanikata kichwa."

Ukimpiga ukiwa umesimama wima usawa wa macho yake, utapata mama katikati, chanja imekuwa mstari mwembamba usioeleweka, na nyuma yake mchikichi uliomwota kichwani. Kosa la mti kuota kichwani ni la kawaida mno, kwa sababu macho yetu mawili yanajua kwamba mti uko mbali, lakini lenzi moja ya kamera inaulaza mti na kichwa kwenye karatasi moja. Dawa yake ni kusogea hatua mbili kushoto. Sasa nyuma ya kichwa kuna maji matupu ya ziwa, na kitambaa chake chekundu kinaonekana chote.

Ongeza jambo la pili: panda juu ya jiwe au kando ya mtumbwi, uelekeze simu chini kidogo. Chanja inafunguka mbele yako, dagaa wanakuwa uwanja mzima wa rangi ya fedha, maelfu ya vijimstari vinavyofanana. Hayo ndiyo marudio. Ndani ya marudio jicho hutafuta kitu kilichovunja utaratibu, na hapa kilichouvunja ni mkono wa mama. Hukuuwekea alama yoyote. Umeonekana wenyewe, kwa sababu ndio pekee usiofanana na vingine. Tofauti ndiyo iliyoleta mkazo.

Tatu, angalia saa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua letu linatembea nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa dakika 40 hivi. Linachomoza karibu saa moja asubuhi, na linakuwa utosini kama saa saba mchana, wala si saa sita. Saa mbili asubuhi mwanga unakuja kwa mshazari kutoka upande wa vilima, kila dagaa ana kivuli chake kidogo, na kivuli hicho ndicho kinachofanya uone magamba na mikunjo. Rudi saa saba uone: vivuli vimejificha chini ya vitu, chanja imekuwa bapa kama bati, na uso wa mama una weusi chini ya nyusi. Mahali ni palepale, kamera ni ileile.

Kanuni inayotajwa kuliko zote ni ya theluthi. Ukiwasha gridi kwenye mipangilio ya kamera ya simu, utaona mistari miwili ya wima na miwili ya kulala, inayoigawa fremu vyumba tisa. Unaambiwa uweke kiini cha picha kwenye mojawapo ya makutano manne ya mistari hiyo badala ya katikati, na upeo wa macho ulalie mstari wa juu au wa chini. Jina hilo la kanuni ya theluthi lilitolewa na mchoraji Mwingereza, John Thomas Smith, mwaka 1797, akiongelea michoro ya mandhari. Picha ya kamera ya zamani zaidi iliyosalia, ya Mfaransa Nicéphore Niépce, ilikuja miaka kama 30 baadaye. Kwa hiyo kanuni hii ni kubwa kwa umri kuliko kamera yenyewe.

Kwa maoni yangu inasifiwa kupita kiasi. Faida yake kubwa ni kumtoa mtu kwenye mazoea ya kuweka kila kitu katikati. Ikishakutoa hapo, kazi yake inapungua. Kwenye upeo wa macho, hata hivyo, inasaidia sana, kwa sababu inakulazimisha ujibu swali: habari yako iko juu au chini? Kama mawingu ya mvua yamejikusanya juu ya milima ya Kongo, ipe mbingu theluthi mbili. Kama mitumbwi inarudi na maji yana mikunjo mizuri, yape maji. Ukigawa nusu kwa nusu, mara nyingi inaonekana hukuamua. Na hakikisha mstari wa maji umenyooka. Ziwa lililoinamia upande mmoja linamsumbua mtazamaji hata kama hajui kinachomsumbua.

Jioni huku kwetu jua linazama ng'ambo ya ziwa, na kila mgeni anataka picha akiwa ameligeuzia mgongo. Simu inapima mwanga mkali ulio nyuma, inapunguza kila kitu, na uso unatoka mweusi. Watu hulaumu simu. Una njia mbili. Mgeuze mtu, jua limpige kwa ubavu, upoteze ile duara nyekundu lakini upate uso. Au kubali weusi, ila ukishaukubali ujue kwamba sura haipo tena. Kilichobaki ni umbo, na umbo lina masharti yake. Mikono ikibanwa kifuani, mtu anakuwa gogo. Watu wawili wakigusana mabega, wanakuwa donge moja lenye vichwa viwili. Waambie waachane kidogo, mmoja ageuze uso kwa upande ili pua na kidevu vionekane, mkono utoke kwenye kiuno ili mwanga upite katikati.

Kuna picha maarufu duniani inayolifundisha jambo hili kuliko maelezo yangu. Ilipigwa mwaka 1930 hivi na Martin Munkácsi, mwandishi wa habari wa picha kutoka Hungaria, na imejulikana kwa jina la wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika. Wapo wanaosema ilipigwa Liberia, na ubishi huo siuwezi. Ndani yake wavulana watatu wanakimbilia majini, tunawaona kwa mgongo, miili yao ni meusi matupu dhidi ya povu jeupe. Hakuna sura hata moja. Lakini mikono na miguu imepishana bila kugandana, na kila uwazi uliobaki kati ya kiungo na kiungo una umbo lake zuri. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyekuja kuwa miongoni mwa wapiga picha wakubwa wa karne ya 20, aliiona mwanzoni mwa miaka ya 1930, na baadaye alisimulia kwamba ndiyo iliyomsukuma kushika kamera. Ukiitazama, acha wavulana kwanza, tazama nyeupe iliyo kati yao. Uwazi nao umepangwa.

Mistari ni rahisi zaidi. Mstari wowote unaoanzia kona ya chini ya fremu na kuingia ndani unavuta jicho: gati, uzio, ukingo wa barabara ya Ujiji, safu ya miembe. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ndiyo mfano ambao kila mtu angeukimbilia, lakini usisimame relini, na ujue kwamba kwa stesheni na bandari unaomba ruhusa kwanza, la sivyo utaishia kujieleza kwa mlinzi. Jengo la stesheni lenyewe, lile la Wajerumani lenye matao, ni mahali pa kuvunja kanuni ya theluthi bila aibu. Upande wa kushoto unajibu upande wa kulia. Simama katikati kabisa, na ukikosea hata nusu hatua itaonekana. Huo unaitwa ulinganifu, na hautaki "karibu katikati".

Kitu kinachotembea kinadai nafasi ya mbele yake. Boti la abiria linalotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, likielekea kulia, liweke kushoto mwa fremu, ili lionekane lina pa kwenda. Ukilibana na ukingo linaonekana limegonga ukuta. Vivyo hivyo na mtu anayetazama pembeni: macho yake yanahitaji uwanja. Ukimnyima nafasi hiyo makusudi, picha inaleta hali ya kukwama, na kama ndiyo habari unayotaka kutoa, vizuri.

Nukta nazo zina nguvu yake. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini, ziwa zima linajaa taa. Mbalamwezi ikiwaka hutaziona kwa wingi, maana dagaa hawafuati taa vizuri na wengi hupumzika. Taa moja ni nukta. Taa mbili, jicho linachora mstari kati yake. Zikifika kumi linaanza kutafuta maumbo yasiyokuwepo. Egemeza simu ukutani au juu ya jiwe, tumia hali ya usiku, na uingize kitu cha karibu ndani ya fremu, hata tawi au pua ya mtumbwi uliopaki, kwa sababu bila hicho mtazamaji hawezi kujua kama anaona ziwa au ukuta mweusi wenye vumbi.

Nimalizie na picha za pamoja, kwa kuwa ndizo zinazoleta ugomvi majumbani. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na lenzi pana huvuta vitu vilivyo kingoni. Shangazi aliyesimama mwisho wa mstari anatoka mnene kuliko alivyo, na anajua. Rudi nyuma hatua kadhaa, tumia zumu ya mara mbili kama simu yako inayo lenzi hiyo, na panga watu kwa umbo la mwezi mchanga badala ya mstari mrefu ulionyooka. Watoto wasiwe safu ya visogo mbele ya matumbo ya wakubwa. Wakalishe, nawe uchuchumae, macho yao na lenzi viwe usawa mmoja.

Kisha fikiria picha itaishia wapi. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, lakini karatasi ya studio ya inchi 4 kwa 6 ni ya 3 kwa 2. Maana yake mashine itakata. Picha ya kulala ikijaza karatasi hiyo inapoteza juu na chini, kama sehemu moja ya tisa ya kimo chake. Ya kusimama inapoteza pembeni. Kwa hiyo picha ya kulala iachie anga juu ya vilemba, na kwenye ya kusimama waambie wa pembeni wasogee ndani. Ya kuweka status ni nyembamba zaidi, 9 kwa 16, hiyo piga peke yake, usiitegemee ile ya albamu.