Fataki haijawa bapa, kwa hiyo risasi ni salama? Dhana potofu za wanaojaza risasi nyumbani

Wengi wanaojaza risasi upya nyumbani, yaani wanaotia fataki mpya (kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti kikigongwa), baruti na kichwa kwenye ganda lililokwisha kufyatuliwa, ni watu makini. Wana mizani nzuri, wana kalipa, kila kipimo wanakiandika daftarini. Hata hivyo kuna kauli moja isiyokauka midomoni mwao: "Nimezitazama fataki, ziko sawa, kwa hiyo bado kuna nafasi ya kuongeza baruti." Mkongwe humrithisha mwanafunzi, mwanafunzi humrithisha mwenzake, na kila anayeisema huamini kwamba anazungumzia usalama. Tuanze nayo, maana ndiyo inayopasua bunduki za watu waangalifu.

Dhana: Fataki ndiyo kipimo cha shinikizo. Ikiwa bapa, punguza. Ikibaki na mviringo wake, endelea.

Ukweli: Fataki haipimi shinikizo. Ni kikombe chembamba cha shaba laini, na ugumu wake hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, hata kati ya toleo na toleo la kiwanda kimoja.

Chukua .38 Special na .357 Magnum, aina mbili za risasi za rivolva. Zote mbili hutumia fataki ndogo ya bastola, yenye kipenyo cha inchi 0.175. Kiwango cha juu cha .38 Special kwa viwango vya SAAMI (taasisi ya Marekani ya viwango vya bunduki na risasi) ni psi 17,000 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba), cha .357 Magnum ni psi 35,000. Fataki ya .357 iliyofyatuliwa kwa shinikizo lake halali hutoka na sura ya kawaida kabisa. Basi mtu akijaza .38 yake kupita kiasi mpaka shinikizo likawa maradufu, fataki itamwonyesha nini? Haitamwonyesha chochote. Silinda ya rivolva ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya .38 inaweza kuwa imeshapasuka huku fataki ikiwa na mviringo wake mzuri.

Wenye bunduki ndefu wasijione wamepona. .30-30 inaishia psi 42,000 na .308 Winchester psi 62,000, na zote hutumia fataki kubwa ya bunduki. Bunduki kuukuu ya .30-30 haina nguvu ya kustahimili psi 62,000, lakini fataki inastahimili. Kwenye .45 Colt, ambayo kikomo chake ni psi 14,000 tu, kutegemea fataki ni sawa na kutokuwa na kipimo chochote.

Kuna na upande wa pili, ambao huwababaisha hata wazoefu: fataki inaweza kuwa bapa bila shinikizo kuzidi. Ukiishusha mno dai ya kurudisha umbo (kalibu ya chuma inayolirudishia ganda umbo lake), bega la ganda, pale linapopungua kuelekea shingo, linasukumwa nyuma kupita inavyotakiwa, na ganda linabaki na nafasi ya kucheza ndani ya chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Pini ya kufyatulia ikigonga, ganda linakimbilia mbele, fataki inachomoka kidogo na kuegemea bolti, kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma. Kisha shinikizo linalirudisha ganda nyuma kwa nguvu na kuipondea fataki mahali pake. Hapo mtu anapunguza baruti ilhali tatizo ni dai. Na kama shinikizo ni dogo mno kuweza kulirudisha ganda, fataki inabaki imechomoza, naye anashangaa kwa nini risasi dhaifu ina "dalili za shinikizo". Kwa bunduki ya bolti, rudisha bega inchi 0.002 hivi (milimita 0.05), upime kwa kifaa cha kupimia bega. Usikadirie kwa macho.

Vivyo hivyo ile kingo inayoinuka kuzunguka alama ya pini: mara nyingi maana yake ni kwamba tundu la pini kwenye bolti ni pana.

Dalili za kweli zipo. Bolti huwa nzito kuinua, kitako cha ganda kinapata alama ya kung'aa ya kitoa-ganda, tundu la fataki linalegea hadi fataki mpya inaingia bila upinzani. Lakini hizo hutokea shaba ya kitako inapoanza kushindwa, na kwa risasi nyingi huko ni mbali sana kupita kikomo. Ukiziona, hujafika mpakani, umeshauvuka. Acha kufyatua, na risasi zilizobaki kwenye kundi hilo uzing'oe vichwa.

Kipimo cha maana alichonacho mjazaji wa nyumbani ni kitabu cha vipimo vya baruti kikisaidiana na kipima kasi, kifaa kinachopima kasi ya kichwa kikitoka mtutuni. Tafuta kipimo chenye kichwa hicho hicho cha risasi, baruti hiyo hiyo, na ikiwezekana ganda na fataki hizo hizo. Anza kwenye kipimo cha chini. Kama kitabu kinataja cha juu peke yake, anza asilimia 10 chini yake. Panda kidogo kidogo. Halafu tazama kasi. Kama kitabu kinasema kipimo cha juu kinatoa kasi fulani kwa mtutu wa urefu fulani, nawe umeifikia kasi hiyo kwa mtutu wa urefu uleule kabla ya kufika kwenye kipimo chenyewe, umefika mwisho. Haijalishi kwamba kitabu kinaruhusu greni moja zaidi (greni ni kipimo cha uzito wa baruti). Kasi hailetwi na kitu kingine ila shinikizo. Anayejivunia kwamba bunduki yake "ina mtutu wa kasi" na fataki zake hazina dalili, mara nyingi anafyatua juu ya kikomo bila kujua.

Kama fedha zinatosha kununua kitu kimoja tu, nunua kipima kasi kabla ya seti ya pili ya dai. Ushauri huu hupuuzwa kuliko mwingine wowote.

Dhana: Baruti kidogo ni salama siku zote.

Si siku zote. Baruti za polepole za vidonge mviringo zinahitaji ganda lililojaa vizuri ili ziwake sawasawa. Mtengenezaji wa H110, moja ya baruti hizo, anaonya kipimo chake kisipunguzwe zaidi ya asilimia 3, na W296 ni baruti hiyo hiyo kwa jina jingine. Ukishuka chini ya hapo, mwako unaweza kudorora na kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu. Mlio ukiwa hafifu au teke likipungua, simama. Toa risasi zote na uukague mtutu. Risasi ya pili ikikuta ya kwanza imekwama, mtutu hutuna au hupasuka.

Dhana: Baruti zenye namba moja ni baruti moja.

IMR 4350 na H4350 ni baruti mbili tofauti zenye vipimo tofauti. Soma jina lote kwenye kopo, kila mara. Mezani liwepo kopo moja tu. Baruti iliyosahaulika kwenye kipimio bila lebo haitambuliki kwa rangi wala umbo la punje, kwa hiyo itupwe.

Dhana: Ganda ni ganda, na kichwa kikiingia zaidi kidogo hakuna tofauti.

Maganda mengi ya kijeshi yana kuta nene zaidi, hivyo nafasi ya ndani ni ndogo, na kipimo kilekile cha baruti huleta shinikizo kubwa zaidi. Ukibadilisha ganda, rudi kipimo cha chini. Kuhusu kina cha kichwa, risasi ya bastola ya 9mm haina huruma: chumba chake cha baruti ni kidogo, na kichwa kikididimia hata chini ya milimita moja shinikizo linaruka sana. Bonyeza risasi iliyokamilika kwa kidole gumba dhidi ya ukingo wa meza, kisha pima urefu tena. Ukipungua, shingo haijakamata. Usilitibu hilo kwa kubana mdomo zaidi. 9mm na .45 ACP, nayo ya bastola, hujipanga kwenye chemba kwa ukingo wa mdomo huo huo, kwa hiyo ondoa tu ule upanuzi uliofanywa ili kichwa kiingie, mpaka mdomo unyooke.

Dhana: Nikimimina baruti mara mbili nitagundua tu.

Kipimo cha kawaida cha bastola mara nyingi hakifiki nusu ya ganda, kwa hiyo vipimo viwili vinaingia vyote bila kumwagika. Panga maganda kwenye kibao, mulika kwa tochi, ulinganishe kimo cha baruti kabla ya kuweka kichwa hata kimoja. Afadhali zaidi, chagua baruti yenye ujazo mkubwa, ambayo kipimo cha pili kitafurika mezani.

Dhana: Kulainisha maganda, yapange kwenye oveni.

Hapana kabisa. Kinachotakiwa kulainishwa ni shingo na bega. Kitako lazima kibaki kigumu, maana ndicho kinachozuia gesi isirudi usoni kwako. Oveni haichagui: ama haina joto la kutosha kulainisha shingo, ama ina joto la kulainisha ganda zima. Ganda lililopashwa zima, litupe.

Dhana: Baruti ndiyo hatari, fataki ni vitu vidogo tu.

Ni kinyume. Baruti isiyo na moshi ikiwaka mahali pa wazi huungua kwa kasi. Fataki zilizorundikwa pamoja zinaweza kulipuka zote kwa mpigo, moja ikiamsha nyingine. Kwa sababu hiyo kiwanda huzitenganisha kwenye trei, nazo zikae humo humo hadi dakika ya kutumika. Kuzimimina kwenye chupa ni kutengeneza bomu. Wala usitegemee mafuta "kuziua": fataki iliyolowa mafuta inaweza bado kuwaka, kwa hiyo ishughulikie kama nzima.

Dhana: Leseni ya bunduki inatosha.

Nchi nyingi huhitaji kibali tofauti kwa baruti na fataki, nyingine hazimruhusu mtu kujaza kabisa. Uliza polisi kabla ya kununua presi, yaani mashine ya kujazia risasi.

Dhana: Risasi (madini) hukupata ukiyeyusha tu vichwa.

Fataki za kawaida zina mchanganyiko wa madini ya risasi, na mabaki yake hujaa kwenye vumbi la mashine ya kusafishia maganda. Mashine hiyo haifai kuwa sebuleni wala jikoni. Ifungue nje, upepo ukiwa mgongoni, huku umevaa barakoa. Usile wala kuvuta sigara mezani pa kazi, nawa kwa maji baridi na sabuni, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.