Sassicaia na Lebo ya "Vino da Tavola": Dhana Potofu na Ukweli

Wiki hii, kwa mara nyingine, mteja ameniletea picha ya chupa ya Sassicaia, mvinyo mwekundu maarufu wa Italia, ya mwaka 1988 na kuniuliza kama ametapeliwa, kwa kuwa lebo yake imeandikwa Vino da Tavola, yaani mvinyo wa mezani, maneno ambayo katika sheria ya Italia yalikuwa ya daraja la chini kabisa. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara ninaumia, kwa sababu wapo waliouza kwa bei ya kutupa chupa walizorithi kwa wazazi wao, huku wakiamini kwamba wanaondoa takataka kabatini.

Dhana yenyewe ni kwamba mvinyo bora wa Italia lazima uwe na herufi za DOC au DOCG, yaani alama za kisheria za eneo unakotoka mvinyo, na usiokuwa nazo ni wa hali ya chini au ni bandia. Ukweli ni kwamba herufi hizo hazipimi utamu wala ubora wa kilichomo ndani ya chupa. Zinathibitisha kwamba mzalishaji amefuata kanuni za eneo lake kuhusu aina za zabibu, mipaka ya mashamba na namna ya kutengeneza. Mfumo huo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na kanuni zake ziliandikwa kwa kufuata mazoea ya wakati ule. Kanuni za Chianti, mvinyo mwekundu wa Toscana, katikati ya Italia, za mwaka 1967, kwa mfano, zililazimisha zabibu nyeupe zichanganywe ndani ya mvinyo mwekundu, jambo ambalo leo hakuna mtengenezaji makini anayelitamani.

Sasa, Sassicaia unatoka Bolgheri, kwenye pwani ya Toscana, mahali ambapo wakati huo hapakuhesabiwa kabisa kuwa pa mvinyo mwekundu, na tena unatengenezwa kwa Cabernet Sauvignon pamoja na kiasi kidogo cha Cabernet Franc, zabibu zenye asili ya Bordeaux nchini Ufaransa. Hapakuwa na kanuni yoyote ambayo ungeweza kuifuata. Hata DOC ya Bolgheri ilipoundwa katika miaka ya 1980, ilihusu mvinyo mweupe na wa waridi peke yake. Kwa hiyo tangu mavuno ya kwanza yaliyouzwa, ya mwaka 1968, hadi yale ya 1993, mvinyo huu haukuwa na mlango mwingine wa kisheria wa kupitia isipokuwa ule wa Vino da Tavola. Kanuni zilibadilishwa mwaka 1994 ili kuupokea ndani ya DOC ya Bolgheri, na mwaka 2013 ukapewa DOC yake wenyewe, Bolgheri Sassicaia, ambayo ni ya shamba moja tu, Tenuta San Guido. Kwa maneno mengine, ni sheria iliyomfuata mvinyo, wala si mvinyo uliojirekebisha ili uifuate sheria.

Basi naomba jambo hili lishikwe vizuri: ukiona chupa ya mwaka 1985 yenye maneno Vino da Tavola, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukiona chupa ya mwaka huohuo iliyoandikwa DOC, usiitolee hata shilingi. Na huo mwaka 1985, wa mvinyo wa mezani, ndio uliopewa alama 100 kwa 100 na mwonjaji wa mvinyo wa Marekani, Robert Parker.

Dhana nyingine inayorudiwa sana ni kwamba mizabibu ya kwanza ililetwa kutoka Château Lafite, shamba maarufu la mvinyo la Bordeaux. Hadithi hiyo inavutia, lakini mwenye shamba mwenyewe, Mario Incisa della Rocchetta, alieleza mambo tofauti. Alipokuwa mwanafunzi mjini Pisa katika miaka ya 1920, alikunywa kwa ukoo wa Salviati, huko Migliarino karibu na Pisa, mvinyo uliokuwa na harufu ya Bordeaux ya zamani, na vipandikizi alivyopanda mwaka 1944 kwenye kilima cha Castiglioncello di Bolgheri vilitoka huko, wala si Ufaransa. Kwa takriban miaka 20 mvinyo huo ulinywewa na familia peke yake. Kisha mpwa wa mkewe, Piero Antinori, pamoja na mtaalamu wa kutengeneza mvinyo Giacomo Tachis, wakasaidia kuufikisha sokoni. Jina lake linatokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya jiwe, na mawe hayo ya ardhini yana uzito mkubwa katika maelezo ya mvinyo huu kuliko jina la jumba lolote la Ufaransa.

Wapo pia wanaofikiri kwamba "Super Tuscan" ni daraja la kisheria. Hapana. Ni jina la mazungumzo na la biashara la mivinyo ya Toscana iliyotengenezwa nje ya kanuni za kawaida, na haliwezi kukuambia ni zabibu gani zilizotumika: Tignanello, mvinyo mwingine wa kundi hilo, unategemea zaidi Sangiovese, zabibu nyekundu za Italia, ilhali ndani ya Sassicaia hamna Sangiovese.

Kuhusu miaka ya mavuno, wateja hunijia na jedwali moja la Italia nzima na kulifuata kama msahafu. Mwaka 1972 ulikuwa mbaya katika sehemu kubwa ya nchi, lakini ni Sassicaia wa mwaka huohuo uliokuja kushika nafasi ya kwanza katika uonjaji wa mivinyo ya Cabernet ulioandaliwa na jarida la Decanter jijini London mwaka 1978. Bolgheri ina bahari yake na upepo wake, na haifai kupimwa kwa mvua iliyonyesha Piemonte, kaskazini mwa Italia.

Wala si kweli kwamba kila chupa huzidi kuwa bora kadiri inavyozeeka. Chupa iliyosimamishwa miaka 10 juu ya friji jikoni imekwisha kufa, hata iwe ya mwaka gani. Ilazwe gizani, kwenye baridi isiyobadilikabadilika ya nyuzi 12 hadi 14, kisha isimamishwe siku moja kabla ya kufunguliwa ili mashapo yatulie chini. Mwenye mavuno ya 2015 au 2016 nampa ushauri wa kungoja, kwa kuwa tanini zake, yaani ule ukakasi unaokausha mdomo, bado zina nguvu. Mwenye ya 2002, mwaka uliokuwa na mvua nyingi, au ya 2014 iliyo nyepesi zaidi, asiyawekee wajukuu. Ayafungue mwaka huu.