Daraja A la shule linapima nini?

Mfumo wa uwajibikaji wa shule ni utaratibu ambao serikali hutumia kupima shule zake za umma, kuzipa daraja na kulitangaza daraja hilo hadharani. Kuna kipimo, kuna taarifa inayotolewa kwa wazazi, na kuna hatua zinazochukuliwa shule ikishindwa. Nchini Marekani kazi hii iko mikononi mwa kila jimbo. Ndiyo maana shule mbili zinazofundisha vizuri sawasawa zinaweza kupata madaraja tofauti kwa sababu tu mpaka wa jimbo umepita katikati yao.

Serikali kuu huweka masharti ya jumla. Mwaka 2002 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyobeba jina la kutomwacha mtoto yeyote nyuma. Ilitaka kila jimbo liwapime watoto kusoma na hesabu kila mwaka, kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mara moja tena sekondari ya juu. Pia ilitaka matokeo yachambuliwe kwa makundi: watoto wa familia maskini, weusi, wenye ulemavu, na wanaojifunza Kiingereza. Sharti hili la pili, kwa maoni yangu, ndilo jambo jema kuliko yote katika sheria ile, kwa sababu kabla yake shule iliweza kujivunia wastani mzuri huku kundi zima la watoto likiwa halijui kusoma. Ubaya wa sheria hiyo ulikuwa lengo lenyewe: watoto wote, asilimia 100, wawe wamefikia kiwango ifikapo mwaka 2014. Hakuna jimbo lililofika. Desemba 2015 Rais Obama alitia saini sheria iliyochukua nafasi yake, ikayaachia majimbo uhuru zaidi wa kupanga mizani yao, lakini mitihani na uchambuzi wa makundi vikabaki.

Mizani hiyo ikoje ndani? Tuchukue Texas, jimbo lenye wanafunzi zaidi ya milioni 5 na shule za umma karibu 9,000. Kila shule hupewa herufi, kuanzia A hadi F, na nyuma ya herufi kuna alama ambayo kilele chake ni 100: 90 na kuendelea ni A, chini ya 60 ni F. Alama hiyo hutokana na maeneo matatu, nayo ni ufaulu, maendeleo, na kuziba pengo kati ya makundi, yaani jinsi kila kundi la watoto linavyofanya.

Katika ufaulu swali ni moja: watoto wamefika wapi? Mtihani wa jimbo, uitwao STAAR, una ngazi tatu za kupita, yaani kukaribia kiwango cha darasa, kukifikia, na kukimudu vizuri kabisa. Tuseme kati ya watoto 100, 80 wamefika angalau ngazi ya kwanza, 50 wamefika ya pili, na 20 ya tatu. Jimbo hujumlisha 80, 50 na 20, hugawa kwa 3, na kupata 50, kisha hesabu hiyo hubadilishwa kuwa alama yenye kilele cha 100. Utaratibu huu una faida isiyoonekana haraka. Pale ambapo mstari wa kufaulu ni mmoja tu, mwalimu aliyebanwa huelekeza nguvu kwa watoto walio hatua moja chini ya mstari, kwa kuwa hao ndio wanaoweza kuongeza asilimia ya shule. Aliye mbali sana huachwa kwa sababu hatafika, na aliyekwisha kuvuka huachwa kwa sababu hana cha kuongeza. Mistari ikiwa mitatu, watoto wengi zaidi wana thamani katika hesabu. Katika shule za sekondari ya juu, mtihani huchukua asilimia 40 tu ya eneo hili. Asilimia 40 nyingine ni utayari wa mhitimu kuingia chuoni, kazini au jeshini, na 20 ni kiwango cha wanaohitimu.

Eneo la maendeleo huangalia wapi mtoto alianzia. Matokeo ya kila mtoto hulinganishwa na matokeo yake mwenyewe ya mwaka uliotangulia. Njia ya pili huilinganisha shule na shule nyingine zenye idadi inayofanana ya watoto wa familia zenye kipato cha chini. Kati ya njia hizo mbili, ile iliyoipa shule alama bora ndiyo inayohesabiwa.

Sasa tuziunganishe. Jimbo huchukua alama iliyo kubwa kati ya ufaulu na maendeleo na kuipa uzito wa asilimia 70. Asilimia 30 zinazobaki ni za kuziba pengo. Fikiria shule ya mtaa maskini iliyopata 62 katika ufaulu, 88 katika maendeleo na 75 katika kuziba pengo. Asilimia 70 ya 88 ni 61.6, asilimia 30 ya 75 ni 22.5, jumla 84.1. Shule hiyo ni B, ingawa kwa ufaulu peke yake ingekuwa D. Jirani yake wa mtaa wa kitajiri anaweza naye kuwa B kwa ufaulu wa 88 na maendeleo ya 65. Herufi ni moja, lakini ya kwanza inapokea watoto walio nyuma na kuwasogeza mbele, na ya pili inapokea watoto walio mbele na kuwaacha palepale. Mzazi anayesoma herufi peke yake hawezi kuziona tofauti hizi, na hizi ndizo zinazomhusu mtoto wake.

Sisi tuliosomea Afrika Mashariki tunalielewa tatizo hili kwa sababu tulikua na orodha za shule kumi bora. Orodha zile zilipanga shule kwa ufaulu mtupu, na shule inayochagua wanafunzi wa kupokea ilikuwa na nafasi kubwa ya kushinda kabla mwalimu hajaingia darasani. Kenya iliacha kupanga shule kwa namna hiyo mwaka 2014. Tanzania nayo, Januari 2023, Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo bila kutaja shule kumi bora. Kuficha orodha kunapunguza kelele na matangazo ya biashara, lakini hakumpi mzazi wa shule ya kata habari anayoihitaji, yaani kama shule yake inasogea. Kipimo cha maendeleo ndicho kingemjibu.

Daraja lina meno pia. Sheria ya Texas ya mwaka 2015 inasema shule ikishindwa miaka mitano mfululizo, kamishna wa elimu lazima aifunge au aiondoe bodi iliyochaguliwa na wananchi ya wilaya nzima ya shule na kuweka watu wake. Juni 2023 Houston, wilaya yenye wanafunzi zaidi ya 180,000, ilichukuliwa na jimbo, na sababu kubwa ilikuwa matokeo ya miaka ya nyuma ya shule moja, Wheatley. Kesi zilikuwa zimechelewesha hatua hiyo tangu 2019. Jimbo lilipofika kuchukua usukani, Wheatley ilikuwa imekwisha kupanda hadi C.

Uzito wa namna hii juu ya mtihani mmoja una hatari yake. Huko Atlanta, jimbo la Georgia, uchunguzi wa mwaka 2011 uliwataja walimu na wakuu wa shule 178, katika shule 44, waliohusika na udanganyifu. Karatasi za majibu zilionyesha majibu yaliyofutwa na kusahihishwa kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 2015 watu 11 walitiwa hatiani mahakamani. Watoto wale walipandishwa madarasa kwa alama ambazo hazikuwa zao, na msaada waliostahili kupewa haukuja, kwa sababu kwenye karatasi walikuwa wamefaulu.

Na mizani yenyewe husogezwa. Mwaka 2023 Texas ilipandisha kiwango cha kupata A katika utayari wa wahitimu kutoka asilimia 60 hadi 88. Wilaya zaidi ya 100 zilikwenda mahakamani, na madaraja ya mwaka ule hayakutangazwa hadi Aprili 2025. Shule iliyoshuka kutoka A hadi C katika kipindi hicho huenda haikubadilika hata kidogo. Ukiona herufi imeshuka ghafla, angalia kwanza kama kanuni ilibadilishwa mwaka huo.

Kwa familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili zilizofikia Fort Worth, Abilene au Houston, miji ya Texas, kuna mambo mawili ya kuangalia. Mtoto aliyefika karibuni matokeo yake ya mtihani hayaingizwi katika hesabu ya daraja mwaka wake wa kwanza katika shule za Marekani, kwa hiyo A ya shule haisemi lolote kuhusu wageni wa mwaka huo. Halafu STAAR ina toleo la Kihispania kwa darasa la 3 hadi la 5, lakini la Kiswahili halipo. Mtoto anayejua kuzidisha na kugawa vizuri anaweza kuanguka hesabu kwa kutoelewa maelezo ya swali. Kwa mtoto wa aina hii, fungua sehemu ya kuziba pengo katika taarifa ya shule na utafute mstari wa wanaojifunza Kiingereza. Unaonyesha ni wangapi wamepanda ngazi katika mtihani wa TELPAS, unaopima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kama shule ina A lakini mstari huo uko chini, mwulize mkuu wa shule nani anawafundisha watoto hao Kiingereza na kwa saa ngapi kwa wiki. Una haki ya kuuliza, na ya kuomba mkalimani.