Je, wajua kwa nini kilomita 690 za Songwe–Dar haziishi kwa saa moja?

Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Ndege wa Songwe, Mbeya, hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni kama kilomita 690. Basi linakula zaidi ya 800, maana barabara inapita Igawa na Makambako, inapinda kwenda Mafinga na Iringa, inateremka Kitonga, kisha inazungukia Morogoro na Chalinze. Mstari wa angani unakatiza Usangu, unapita jirani na Mafinga na kuvuka milima ya Udzungwa.

Ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8 Q400 ikishatulia juu hukimbia takribani kilomita 650 kwa saa. Gawanya, unapata dakika 64. Mbona tiketi hukaribia saa moja na nusu?

Kwa sababu muda wa kwenye tiketi si wa kuwa angani tu. Unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho Songwe, unaisha inaposimama kwenye maegesho ya Dar. Humo ndani kuna kutembea taratibu hadi kwenye njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege na, upande wa Dar, kupanga foleni na ndege nyingine zinazotaka kutua. Ile kasi ya 650 nayo haipatikani tangu mwanzo: ikipanda ndege iko chini ya hapo, na ikikaribia kutua rubani anaipunguza mapema. Safari ikiwa fupi kama hii, kupanda na kushuka vinachukua sehemu kubwa ya muda wote. Ndiyo maana kukadiria muda kwa kilomita peke yake kunapotosha zaidi kwenye safari za ndani kuliko za mabara.

Songwe yenyewe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana linaizidishia wepesi, hivyo mabawa na injini vinapata hewa kidogo ya kufanyia kazi. Ndege inalazimika kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Njia ya kurukia ya Songwe, iliyoanza kutumika Desemba 2012, ina urefu unaozidi kilomita 3. Uwanja wa zamani uliokuwa mjini Mbeya ulikuwa juu zaidi tena mfupi, kwa hiyo ndege kubwa hazikuweza kuutumia.

Halafu kuna upepo. Kwenye ukanda wetu, upepo wa juu mara nyingi hutoka mashariki. Tuseme unavuma kilomita 50 kwa saa: anayetoka Dar anasukumwa kwa nyuma na kwenda 700, anayetoka Mbeya anakabiliana nao na kubaki na 600. Kwa umbali uleule, mmoja anatumia dakika 59, mwingine 69. Kwa hiyo kama una ndege ya kuunganisha Dar, pigia hesabu muda wa kufika ulioandikwa kwenye tiketi yako ya kutoka Songwe. Muda uliotumia ulipokuja Mbeya usikuongoze.